Farasi Niliyemtembeza kwa Maneno

Baba,

Mama bado yumo ndani ya eda. Anakaa chumba cha nyuma, kwenye kitanda chako, na kila asubuhi ananiuliza kama nimesikia habari za mvua huko kwao Mbuchi, kama vile hilo ndilo pekee lililobaki la kuuliza. Mpunga tumevuna nusu. Nusu ya pili maji yaliufunika kabla haujakomaa, ukaozea shambani. Fimbo yako ipo nyuma ya mlango. Mama hataki iguswe, nami sina hamu ya kuigusa.

Arobaini yako tumeisoma. Watu walijaa mpaka barabarani. Sikujua kwamba hapa Ruaruke ulikuwa na watu wengi hivyo.

Nataka kukuhadithia habari za Mgeni, Baba. Nyingine unazijua, na zipo ulizokuwa unazijua wakati mimi nadhani huzijui. Nitafika huko. Lakini mimi kwa kinywa changu sijawahi kukuambia, kwa hiyo nivumilie nianze mwanzo, hata pale ulipokuwepo.

Mwanzo ni siku uliponikuta jikoni nalia juu ya mihogo. Ndoa yangu ya Kibiti ilikuwa imevunjika, nimerudi nyumbani na begi moja, na wanawake wa hapa mtaani wanapita kunisalimia ili wanitazame. Hukuniuliza kitu. Ulivaa buti zako ukasema, "Zuhura, njoo unishikie kamba."

Kamba ilikuwa ya Mgeni. Bosi alikuwa na farasi wanne pale shambani kwake ulikokuwa unafanya kazi, wa kuwapandisha watalii wanaokuja kulala kwenye vibanda vyake. Huyu wa kahawia, mwenye baka jeupe usoni, aliletwa kwa lori kutoka Dar akiwa na jina la Kizungu ambalo hakuna aliyeweza kulitamka. Wewe ukasema kila mnyama wa jamii hii ni mgeni kwenye nchi yenye ndorobo, ukampa jina hilo. Na kabla hajamaliza miezi miwili akatumbukiza mguu wa mbele kwenye shimo, kano ya nyuma ya mguu ikachanika. Ukavimba kama mgomba. Bosi alitaka achomwe sindano yaishe. Wewe ulisimama mbele yake, kofia mkononi, ukasema, "Nipe mpaka masika, Bosi. Asipotembea, mimi mwenyewe nitamshika kichwa."

Nilikuwa sijakusikia ukiomba kitu kwa mtu.

Miaka ishirini uliyokaa Dar kwenye mabanda ya farasi ulikuwa hutuhadithii. Tulijua unaleta kanga na sukari kila Idi, basi. Ni pale bandani ndipo nilipojua kwamba yule mama wa Kizungu aliyekuwa akitibu farasi kwa mazoezi na kukanda alikufundisha kazi yake yote, na kwamba wakati mwingine alikuwa akikuachia wewe farasi waliomshinda yeye. Ulinifundisha hivyo hivyo, bila haraka. Kumwagia mguu maji baridi ya kisimani asubuhi na jioni, ndoo sita. Kufunga bendeji kuanzia chini kwenda juu, isibane, isilegee. Kuuvuta mkia kidogo upande mmoja ili ahamishe uzito, ajue kwamba mguu mbovu bado ni wake. Kushika kipande cha kiazi kitamu karibu na ubavu wake ili azungushe shingo kukitafuta, na kumbe ndiyo mazoezi yenyewe. Nilipompapasa kwa kiganja kutafuta joto la uvimbe uliniambia, "Tumia mgongo wa mkono. Kiganja chako kimeungua masufuria, hakisikii tena." Nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nirudi.

Halafu kumtembeza. Wiki za kwanza dakika tano, wewe saa mkononi, mimi kamba mkononi. Kisha kumi. Kisha kumi na tano, na zile boriti za mikoko ulizozipanga chini ili ainue miguu kuzivuka. Daima kwenye njia ya changarawe, ardhi ngumu. Nilikuuliza lini atakimbia. Ukasema, "Mchaka ni baada ya masika. Sasa hivi ni kutembea tu. Hata akitaka yeye, wewe usitake."

Hayo ndiyo maneno yako, Baba. Niliyasikia vizuri sana.

Asubuhi ile ulikuwa umechuchumaa unafunga bendeji. Nje vuli ilikuwa inaanza kunyesha. Bendeji ikakuponyoka, ikabingirika mpaka kwenye pumba, nikakutania, "Baba, umezeeka." Uliinua uso. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Ulikuwa unataka kuniambia kitu na kilichotoka ni mlio tu, kisha ukaangukia bega la kulia, chini ya tumbo la Mgeni, katikati ya kwato zake. Nilipiga kelele. Farasi yeyote angeruka. Yeye alisimama kama amepigiliwa misumari mpaka Mzee Athumani, mlinzi, alipokuja tukakuvuta nje.

Kule hospitali ya Utete nilikaa nawe siku tatu. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala. Siku ya tatu ulinitazama, ukanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye mguu wako, kisha kwenye mlango. Mguu, mlango. Mguu, mlango. Mama alidhani unataka kwenda chooni. Mimi nilijua. Nikakwambia, "Nakwenda kwake, Baba." Ukafumba macho, ukapumua.

Kwa hiyo ulinituma. Nami nikaenda.

Siku nne nilifanya kila kitu kama ulivyosema. Siku ya tano, Alhamisi, Bosi akapiga simu kwamba Jumamosi atakuja kumtazama Mgeni. Alisema kwamba Mzee amelala hospitali na haijulikani atarudi lini, na haoni sababu ya kuendelea kumtesa mnyama. Nilimwambia anaendelea vizuri. Akasema, "Nitamwona mwenyewe." Nikaona kwamba Mgeni akichomwa sindano wewe ukiwa kitandani Utete, nitakuja kukuambia nini? Nikajiambia, Bosi akimwona anakwenda mchaka, hata mara moja, atamwacha.

Ijumaa mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Nilimtoa nje baada ya maji ya asubuhi. Nilimzungusha dakika zako kumi na tano kwenye changarawe, akatembea vizuri, masikio mbele. Kisha nikamhimiza kwa mlio wa ulimi, nikaanza kukimbia kando yake.

Baba, alikimbia. Nataka ujue hilo pia. Alinyanyua shingo na akakimbia kama aliyekuwa akingoja kuambiwa. Nilikuwa nacheka. Nikasahau kuangalia tunakokwenda, tukafika kwenye kona ya birika la maji ambako changarawe inakwisha na udongo wa mfinyanzi unaanza. Miguu ya mbele iliteleza ikaachana. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu, nikadhani ni ubao wa uzio.

Haikuwa kano tena. Ulikuwa mfupa.

Daktari wa mifugo alifika kutoka Kibiti kabla ya adhuhuri. Aliutazama mguu mara moja tu, akafungua sanduku lake. Wewe ulikuwa umesema utamshika kichwa mwenyewe, na hukuwepo, basi nilimshika mimi. Nilikaa kwenye tope, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, nikawa nampitishia mgongo wa mkono kwenye baka lake jeupe. Alikuwa anatazama njia ya kuja nyumbani kwetu. Labda alikuwa hatazami kitu. Sindano ilipoingia alivuta pumzi ndefu, na pumzi hiyo hakuitoa yote.

Walimzika kwa trekta nyuma ya mikorosho. Bosi nilimwambia kwa simu, "Ameteleza." Sikusema alikuwa anakwenda mwendo gani, wala sikusema ni nani aliyemkimbiza. Mzee Athumani aliona kila kitu kutoka kwenye kibanda chake cha mlinzi, naye hakusema. Alinichotea maji nikanawa mikono.

Nilikuja Utete kesho yake nikiwa nimejiandaa kukuambia. Walahi nilijiandaa. Mama akanipokea mlangoni mwa wodi akaniambia daktari amekataza usishtuliwe, presha bado iko juu. Nikamwambia Mama farasi amekufa. Akanishika kinywa. "Usimwambie baba yako. Apone kwanza." Mama naye nilimwambia ameteleza, basi. Nikaingia. Uligeuza kichwa, ukajitahidi mpaka jasho likakutoka kwenye paji. "Mge..." ukasema. "Mge..."

Nikasema, "Hajambo, Baba. Jana ametembea dakika kumi na tano."

Nusu ya mdomo wako ikacheka.

Ndivyo nilivyoanza. Nilidhani ni uongo wa siku moja.

Uliporudi nyumbani, yule mtaalamu wa fiziotherapia wa Utete alikuwa ametuonyesha mazoezi ya kufanya. Nilipoyaona nilitaka kucheka na kulia, maana mengi nilikuwa nayajua. Kukukalisha na kukuvuta kiuno taratibu upande wa kulia ili uzito uhamie huko. Kuweka kikombe cha chai upande usiouona vizuri ili uzungushe shingo ukitafute. Kukanda paja kuanzia goti kwenda juu. Nilikwenda kwa Mzee Athumani kuomba boriti tatu, nikazipanga uani. Ulipoziona ulijua zilikotoka. Uliuliza kwa kidole, "Na yeye?" Nikasema, zipo nyingine, yeye ana zake.

Nilikuwa bado nahudumia wale farasi watatu waliobaki, kwa hiyo kila alasiri nilirudi na harufu ya farasi, na buti zangu zilikuwa na tope la bandani. Hukuwa na sababu ya kunishuku. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda mbele yako, nakuvua soksi, nakukanda unyayo, nawe unauliza, "Na... leo?"

Leo amevuka boriti mbili. Leo amekataa kiazi, kumbe kina mchanga. Leo uvimbe umepungua, nimeupima kwa mgongo wa mkono. Yule farasi jike mweusi, mmoja wa hao watatu, alikuwa akinipa visa, nami navihamishia kwa Mgeni. Kama jike kamkanyaga mtu, basi kwako aliyekanyaga ni Mgeni.

Na wewe ukawa unashindana naye. Nikisema amevuka boriti mbili, unavuka mbili. Nikisema tatu, unavuka tatu, unatetemeka, umening'inia begani kwangu, Mama amesimama na mwiko mlangoni anasema, "Jamani, mtamuua mzee wa watu." Siku uliyoivuka boriti ya tatu bila kunishika ulisema neno zima, "Nime-mpita." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliingia jikoni nikajifungia.

Ndiyo maana sikuacha, Baba. Nilikuwa naona mguu wako ukiamka kwa nguvu za farasi aliyeoza. Kila siku nikisema kesho nitamwambia, na kila kesho ulikuwa umepiga hatua nyingine.

Kisha ukaanza kusema unataka kwenda kumwona. Nikasema njia imeharibika. Nikasema Bosi ana watalii wengi. Nikasema ukienda sasa atakurukia kwa furaha, atakuangusha. Ulinisikiliza ukatikisa kichwa polepole, kama unavyomsikiliza mtu anayekueleza jambo la nyumbani kwako.

Unaikumbuka ile siku niliyokwenda Kibiti kukuchukulia dawa za presha? Mama alikuwa kwenye msiba wa jirani. Nilirudi baada ya swala ya alasiri nikakukuta kwenye mkeka uani, suruali imejaa tope mpaka magotini, fimbo kando. Nilishtuka. Ukasema, "Nili... anguka. Ua-ni." Uani kulikuwa kukavu. Sikuliona hilo. Nilikuwa na haraka ya kukuosha kabla Mama hajarudi. Nilipokuwa nakusugua miguu ulinitazama muda mrefu, nikadhani una maumivu. Kisha ukauliza, "Na leo?"

Nikasema, "Leo ametembea dakika arobaini, Baba. Hajachechemea hata kidogo."

Ukasema, "Vizuri."

Neno hilo lilitoka lote, bila kukatika. Nilifurahi kwamba ulimi unafunguka.

Tangu siku ile ulianza kutaka habari ndefu. Ilikuwa haitoshi kusema amevuka au amekula. Ulikuwa unafumba macho, unasema, "Hadi... thia." Nami nikawa nahadithia. Nilimpeleka Mgeni mpaka mtoni. Nilimkimbiza kwenye ile njia ya changarawe, mbali na birika. Nilimpandisha mtoto wa mtalii akampeleka taratibu. Mazoezi yako hukuacha hata siku moja. Ulivuka boriti zako, ukahamisha uzito wako, ukashika kikombe kwa mkono wa kulia.

Masika yalipokuja na maji yakaanza kupanda, siku moja nilishinda nabeba magunia ya mpunga wa mwaka jana kuyapandisha darini. Nilikuwa nimelowa, mgongo unaniuma, sina hata hadithi moja kichwani. Ukauliza, "Na leo?" Nikakujibu vibaya, Baba. Nilisema, "Amelala. Na mimi nimechoka, niache kidogo."

Kisha ukasema, "Apu... mzike."

Kesho yake hukuuliza. Keshokutwa yake, baada ya adhuhuri, ulijilaza kwa ubavu wa kulia, na Mama alipokuja na uji alikukuta umeshakwenda. Uso wako ulikuwa umenyooka. Mdomo ulikuwa umerudi mahali pake, pande zote mbili sawa. Waliokuosha walisema hivyo hivyo. Tulikuzika siku ile ile kabla ya magharibi, kwenye sehemu ya juu ambako maji hayafiki.

Nilizika na uongo wangu pamoja nawe, hivyo nilidhani. Nilikuwa nasema moyoni, angalau amekwenda akijua farasi wake anatembea. Ndilo tulizo nililokuwa nalo.

Mzee Athumani alikuja wiki moja baada ya arobaini. Alikataa kuingia ndani, akakaa barazani, kofia kaiweka gotini. Akasema, "Mwanangu, kuna neno baba yako alinikataza nisikwambie akiwa hai. Sasa hayupo, na mimi silali."

Alinihadithia. Siku ile ya Kibiti ulisimamisha bodaboda, ukamwonyesha njia kwa fimbo. Kufika kwenye geti ulishuka, ukakataa kushikwa. Ulitembea kutoka getini mpaka bandani kwa miguu yako. Mzee Athumani alisema hajapata kuona mtu anatembea hivyo, kila hatua unaifikiria kwanza. Ukafika kwenye chumba cha Mgeni, ukakuta magunia ya pumba yamepangwa mpaka juu. Ukasimama. Ukamtazama Athumani, na yeye akaona hawezi kukudanganya mtu uliyekuja kwa mwendo ule. Akakuambia yote. Siku, saa, birika, mchaka. Akakuambia ni mkono wa nani uliokuwa kwenye kamba.

Ulitaka kuonyeshwa kaburi. Pale nyuma ya mikorosho ulisimama, na wakati wa kugeuka mguu ukakusaliti, ukaanguka kwenye tope. Athumani alikuinua. Akasema alikuwa na hasira na mimi kwa niaba yako, akakuambia, "Mzee, yule binti ndiye aliyemuua, na bado anakuja kukusimulia hadithi." Na wewe ulichukua muda mrefu kulitafuta neno, mpaka akadhani umeshindwa. Kisha ukasema, "Nili... mwacha peke yake."

Athumani alidhani unamsema farasi. Akakuambia hukuwa na la kufanya, ulikuwa hospitali. Ukakataa kwa kichwa. Ukasema, "Zuhura. Nilimwacha... peke yake."

Na mlipokuwa mnangoja bodaboda ukamwambia asiniambie. "Akijua nimejua, hata... niangalia tena."

Baba.

Nilikukasirikia. Nitakuambia kweli maana barua hii haina maana nyingine. Nilikwenda mpaka kaburini kwako nikiwa na hasira, nikasimama pale na kanga ya mfiwa kichwani, nikataka kukuuliza, ulikuwa unanisikilizaje? Miezi miwili! Kila alasiri, njiani kutoka bandani, nilikuwa natunga la kukuambia. Nilikuwa nimekonda mpaka Mama akanisomea dua. Ungesema neno moja tu, ningeweka kichwa changu kwenye magoti yako, tungelia yakaisha. Badala yake ulifumba macho ukasema hadithia. Sijui ulikuwa unanionea huruma, au nawe ulikuwa unataka kumwona anatembea. Sijui kama ukweli ungekuua mapema au ungekupa miaka. Nimekaa na swali hilo tangu siku Mzee Athumani alipokaa barazani, na sina wa kumwuliza.

Lakini najua sasa kwamba "vizuri" yako haikuwa ya ulimi kufunguka.

Bosi nilimpigia simu juma lililopita. Alikuwa ameniahidi kuniachia kazi yako, kwamba farasi wapya wakija nitawashika mimi kwa kuwa nimefundishwa na wewe. Nikamwambia Mgeni hakuteleza tu, mimi nilimkimbiza kabla ya wakati, kwenye udongo, kinyume cha maneno yako. Kisha akasema, "Mzee alijua?" Nikasema alijua. Akasema, "Basi, Zuhura," akakata simu. Tangu siku hiyo amepeleka mtu mwingine bandani. Buti zangu Mzee Athumani alinirudishia kwenye mfuko wa rambo.

Mama hajui bado. Anajua farasi alikufa. Hajui kwamba wewe ulijua, wala hajui ni kwa mkono wangu. Akitoka eda nitamkalisha nimwambie. Nimeshaanza kuogopa.

Wiki hii wana wa Bi Somoe, yule mama wa nyumba yenye mnazi uliokatika, walikuja kuniomba. Mama yao amepatwa kama ulivyopatwa wewe, upande wa kushoto. Wamesikia jinsi ulivyosimama ukatembea, wanataka nimfanyie mazoezi. Nilikwenda jana. Nilimkalisha, nikamhamisha uzito, nikamkanda paja. Ana nguvu kidogo kwenye goti, mkono hauna kitu. Nilipokuwa nakunja kanga niende zangu akanishika kwa mkono wake mzima, akaniuliza mbele ya wanawe, "Mwanangu, nitatwanga tena?"

Wote walikuwa wananitazama. Lilikuwa jambo jepesi kabisa kulisema.

Nikasema, "Sijui, Bibi. Mguu naona utaamka. Mkono sijui."

Aligeuza uso ukutani. Machozi yalimtoka jicho moja tu. Mwanawe mkubwa alinifuata nje, amekunja uso, akasema waliniita nimtie moyo mama yao, siyo kumvunja. Nilitembea mpaka nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu ile vuli sikuwa natunga njiani la kusema kesho.

Pumzika, Baba. Nakuombea kaburi pana na mwanga ndani yake, na siku tutakayokutana uniangalie, nami nitakuangalia. Nakuahidi kesho nitarudi kwa Bi Somoe. Wanawe wakinifungia mlango, nitakaa kwenye ngazi mpaka yeye mwenyewe aseme nataka au sitaki.

Mwanao,
Zuhura